Bibi Walker: Dobi Aliyepanga Malengo Yake

1. Mtoto wa shamba la pamba

Zamani, katika nchi ya Marekani, watu weusi wengi walikuwa watumwa. Walilima mashamba ya pamba ya mabwana zao bila mshahara. Mwaka 1865 utumwa ulikomeshwa katika nchi nzima. Miaka miwili baadaye, tarehe 23 Desemba 1867, mtoto wa kike alizaliwa karibu na kijiji cha Delta, katika jimbo la Louisiana, kando ya mto Mississippi. Baba yake aliitwa Owen Breedlove, na mama yake aliitwa Minerva. Wote wawili walikuwa wamepitia utumwa. Mtoto wao wakampa jina la Sarah. Katika nyumba yao yeye alikuwa wa kwanza kuzaliwa akiwa huru.

Lakini uhuru peke yake haushibishi tumbo. Wazazi wa Sarah hawakuwa na ardhi. Waliendelea kulima pamba katika shamba la mtu mwingine. Sarah naye alianza kazi ya shamba akiwa bado mdogo sana. Kabla hajatimiza miaka 8 alikuwa amefiwa na mama na baba. Alichukuliwa na dada yake Louvenia, wakahamia mji wa Vicksburg, ng'ambo ya mto. Huko shemeji yake alikuwa mkali na alimtesa. Ili kuondoka katika nyumba ile, Sarah aliolewa akiwa na miaka 14.

Mume wake aliitwa Moses McWilliams. Mwaka 1885 walipata mtoto wa kike, wakamwita Lelia. Mtoto alipokuwa na miaka kama 2 hivi, Moses akafariki. Sarah alikuwa na miaka 20 tu. Hakuwa na mume, hakuwa na wazazi, hakuwa na shamba, na shule aliisoma kwa miezi michache tu. Alichokuwa nacho ni mikono yake miwili na mtoto wake mmoja.

2. Lengo la kwanza

Sarah alimbeba mtoto wake akaenda mji wa St. Louis. Kaka zake walikuwa wakifanya kazi ya kinyozi huko. Yeye akawa dobi. Alichukua nguo za watu, akazifua kwa mikono juu ya ubao wa kufulia, akazichemsha, akazianika na kuzipiga pasi. Sabuni ya siku hizo ilikuwa kali, ilichubua mikono. Kwa kazi hiyo ya kutwa nzima hakupata hata dola 2.

Kazi hiyo aliifanya kwa zaidi ya miaka 15. Wanawake wengi weusi katika mji ule waliishi hivyo hivyo. Walifua mpaka uzee, na binti zao wakarithi beseni na ubao. Siku moja Sarah alijiuliza: mgongo huu ukishindwa kuinama, nani atanilisha? Na Lelia je, naye atakuwa dobi?

Hapo ndipo alipojiwekea lengo lake la kwanza. Hakusema tu kwamba anataka maisha mazuri. Kila mtu anataka maisha mazuri. Yeye alichagua jambo moja linaloonekana: Lelia atasoma mpaka chuo. Lengo la namna hiyo lina kipimo. Mwisho wa safari mtu anaweza kusema nimefika, au sijafika.

Sarah alianza kuweka akiba kutoka katika mapato yake madogo. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1902 Lelia aliingia Chuo cha Knoxville, katika jimbo la Tennessee. Ada ilitoka katika beseni la kufulia. Mama ambaye hakumaliza hata mwaka mmoja wa shule alikuwa na mtoto aliye chuoni. Lengo la kwanza lilitimia, na Sarah akajua kwamba anaweza kupanga jambo akalimaliza.

3. Nywele zinakatika

Wakati huo Sarah alikuwa na taabu nyingine. Nywele zake zilikuwa zikikatika, na sehemu nyingine za kichwa zilibaki upara. Hakuwa peke yake. Nyumba nyingi za maskini hazikuwa na maji ya bomba. Watu waliosha nywele mara chache, chakula kilikuwa duni, na dawa nyingine za nywele zilikuwa kali mno. Wanawake wengi walipata magonjwa ya ngozi ya kichwa.

Katika St. Louis palikuwa na mfanyabiashara mwanamke mweusi, Annie Turnbo, aliyekuwa akiuza dawa ya nywele. Sarah aliitumia dawa hiyo, kisha akawa mmoja wa wakala wake. Mwezi Julai 1905 alihamia mji wa Denver, katika jimbo la Colorado, akiwa na akiba isiyofika dola 2. Huko alifanya kazi ya upishi, na wakati wake wa ziada aliuza dawa za nywele nyumba kwa nyumba.

Mwezi Januari 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyejua kazi ya matangazo ya magazeti. Mwaka huo huo Sarah alianza kuuza dawa zake mwenyewe. Akajiita Bibi C. J. Walker, na tangu hapo watu wakamjua kwa jina hilo. Mafuta yake yalikuwa na kibiriti upele, dawa ambayo watu waliijua tangu zamani kwa kutibu ngozi. Aliwafundisha wanawake kuosha kichwa mara kwa mara, kusugua ngozi na kupaka mafuta. Watu wengine husema kwamba yeye ndiye aliyebuni kitana cha moto. Sivyo. Kitana hicho kilikuwapo kabla yake. Hata mafuta ya nywele si yeye aliyeyaanza. Jambo alilolifanya vizuri kuliko wengine ni kupanga mauzo.

4. Dola 10 kwa siku

Biashara ilianza kidogo kidogo. Kopo moja la mafuta liliuzwa senti 50. Bwana Walker aliandika matangazo, na watu wa mbali wakaagiza kwa posta. Baada ya muda biashara ikaingiza dola 10 kwa siku. Kwa mtu aliyekuwa dobi, hizo zilikuwa fedha nyingi.

Hapo mume na mke wakatofautiana. Bwana Walker aliona kwamba dola 10 kwa siku zinatosha. Bibi Walker aliona kwamba huo ni mwanzo tu. Aliwafikiria wanawake wote weusi wenye taabu ya nywele katika nchi nzima, akaona kwamba bado hajawafikia hata kidogo. Mmoja alitaka kutua mzigo, mwingine alitaka kuendelea na safari. Waliendelea pamoja kwa miaka michache, lakini mwaka 1912 waliachana. Biashara ilibaki mikononi mwa Bibi Walker.

Hebu tuangalie hesabu yake. Mapato ya biashara yalikuwa hivi:

Mwaka 1907: zaidi ya dola 3,600.
Mwaka 1908: zaidi ya dola 6,600.
Mwaka 1910: karibu dola 11,000.
Mwaka 1918: zaidi ya dola 250,000.

Gawanya mapato ya mwaka 1907 kwa siku 365. Utapata karibu dola 10 kwa siku, zile zile ambazo Bwana Walker aliona zinatosha. Gawanya ya mwaka 1910. Utapata kama dola 30 kwa siku. Gawanya ya mwaka 1918. Utapata zaidi ya dola 650 kwa siku. Bibi Walker angeridhika na kile kiasi cha kwanza, hesabu ingeishia pale juu.

5. Kugawa safari ndefu

Bibi Walker aliwezaje kufika huko? Hakuruka. Aliigawa safari ndefu katika hatua fupi.

Hatua ya kwanza ilikuwa kusafiri. Tangu mwaka 1906 alizunguka majimbo mengi ya kusini na mashariki kwa gari moshi. Lelia alibaki Denver akishughulikia maagizo ya posta. Kila mji alioufikia, Bibi Walker aliwatafuta kina mama wa kanisa na wa vyama. Aliwaonyesha dawa yake kwa vitendo, kwa kuosha na kutengeneza nywele za mmoja wao mbele ya wenzake. Kisha aliwafundisha baadhi yao kuwa mawakala. Alipoondoka, kazi haikuondoka naye. Ilibaki kwa wakala wa mji ule.

Hatua ya pili ilikuwa chuo. Mwaka 1908 yeye na Lelia walifungua chuo cha kutengeneza nywele katika mji wa Pittsburgh. Walikiita Chuo cha Lelia.

Hatua ya tatu ilikuwa kiwanda. Mwaka 1910 alihamia Indianapolis kwa sababu reli nyingi zilikutana katika mji huo, na mzigo ukitoka pale ulifika upesi kila upande. Mwaka 1911 aliiandikisha kampuni yake kisheria. Alimweka mwanasheria, Freeman Ransom, kuwa meneja. Yeye mwenyewe akiwa safarini, aliandikiana barua na Ransom kuhusu mauzo, madeni na matumizi. Ransom hakuogopa kumwonya Bibi Walker kila alipoona anatumia fedha kupita kiasi. Mwaka 1913 Bibi Walker alivuka bahari, akapeleka biashara yake Jamaika, Kuba, Haiti, Kosta Rika na Panama.

Wakala naye alifanya hesabu ya namna hiyo hiyo. Tuchukue mfano wetu wenyewe. Mama mmoja anataka kuuza makopo 48 kwa mwezi. Akilitazama lundo la makopo 48 anaweza kukata tamaa. Lakini akigawa kwa wiki 4 anapata makopo 12 kwa wiki. Akigawa tena kwa siku 6 za kazi anapata makopo 2 kwa siku. Makopo 2 ni nyumba mbili. Mtu anaweza kutembelea nyumba mbili, hata tatu, kabla ya kwenda kuchota maji ya jioni. Mwisho wa mwezi atakuwa ameuza kwa dola 24. Hizo zote si faida, kwa sababu lazima atoe bei aliyonunulia. Ndiyo maana lazima awe na daftari. Asiyeandika hawezi kujua kama amelifikia lengo, au kama amekula mtaji wake.

6. Kujifunza ukubwani

Daftari lahitaji mtu anayejua kusoma na kuandika. Hapa Bibi Walker alikuwa na upungufu, naye aliujua. Alikuwa na kiwanda, lakini elimu yake ilikuwa ya miezi michache ya utotoni. Angeweza kuajiri makarani na kuwaachia kila kitu. Hakufanya hivyo.

Alimwajiri mwalimu mwanamke, Alice Kelly, aliyesimamia kazi za kiwanda na pia akamfundisha yeye. Bibi Walker alijifunza kusoma vizuri zaidi, kuandika barua na kusema mbele ya watu. Wakati huo alikuwa na zaidi ya miaka 40, na tayari alikuwa tajiri. Hakuona haya kukaa mbele ya mwalimu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemlipa mshahara. Elimu haina mwisho, wala haina umri.

7. Kusimama mbele ya wakubwa

Mwezi Agosti 1912 wafanyabiashara weusi wa Marekani walifanya mkutano mkuu katika mji wa Chicago. Mwenyekiti alikuwa Booker T. Washington, kiongozi mkubwa sana wa watu weusi wakati huo. Bibi Walker alikwenda ili aeleze biashara yake. Mwenyekiti hakumpa nafasi. Wanaume walisema, mmoja baada ya mwingine. Siku zikapita.

Siku ya mwisho Bibi Walker alisimama bila kuitwa. Aliwaeleza njia aliyopita, kutoka shamba la pamba mpaka beseni la kufulia, kutoka beseni mpaka jikoni, na kutoka jikoni mpaka kiwanda alichojijengea mwenyewe. Aliwaeleza pia mapato yake kwa tarakimu. Watu walisikiliza kwa makini, kwa sababu maneno yake yalikuwa na hesabu ndani yake. Mwaka uliofuata, mkutano huo huo ulimwalika rasmi kuwa msemaji.

8. Zawadi mbili

Mwaka 1917 mawakala wa Bibi Walker walifanya mkutano wao wa kwanza wa nchi nzima katika mji wa Philadelphia. Walikuja wanawake zaidi ya 200. Wengi wao walikuwa wamepata kuwa madobi, wapishi na vibarua wa mashamba. Sasa walikuwa na kazi yao wenyewe. Baadhi walikuwa wamenunua nyumba na kusomesha watoto.

Katika mkutano huo zawadi zilitolewa kwa waliouza zaidi. Lakini zawadi zilitolewa pia kwa vikundi vya mawakala vilivyowasaidia watu wengine zaidi katika miji yao. Bibi Walker aliwawekea mawakala wake malengo ya namna mbili: lengo la kuuza na lengo la kutoa. Kwake, biashara isiyomfaa jirani ilikuwa haijakamilika. Yeye mwenyewe, mwaka 1911, aliahidi dola 1,000 kwa ajili ya jengo la vijana weusi wa Indianapolis.

Wakati huo watu weusi wengi waliuawa na makundi ya wazungu bila kufikishwa mahakamani. Mwaka huo huo wa 1917, Bibi Walker na viongozi wengine walikwenda Ikulu ya Marekani kudai sheria ya kuzuia mauaji hayo. Hawakuonana na Rais. Wiki chache baadaye mawakala wake, wakiwa mkutanoni Philadelphia, walimpelekea Rais simu ya maandishi wakidai jambo hilo hilo. Wanawake ambao zamani hakuna aliyewasikiliza sasa walisema kwa sauti moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

9. Malengo ambayo hakuyafikia

Ndugu msomaji, usidhani kwamba Bibi Walker alifikia kila alilolipanga.

Mwaka 1917 magazeti yalimwita milionea. Yeye alisema wazi kwamba bado hajafika dola milioni moja, ila anatumaini kufika. Mwaka 1918 alimaliza kujenga nyumba kubwa ya fahari kando ya mto Hudson, karibu na New York. Lakini afya yake ilikuwa imeharibika. Alikuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu, na figo zake zilikuwa mbovu. Madaktari walimtaka apumzike. Yeye aliendelea kusafiri. Hili nalo ni funzo. Aliihesabu kila senti, lakini nguvu za mwili wake hakuzihesabu vizuri.

Alifariki tarehe 25 Mei 1919 akiwa na miaka 51. Mali yake ilipohesabiwa haikufika dola milioni moja. Alikuwa pia na lengo la kujenga shule ya ufundi katika bara la Afrika. Alikuwa amelitaja mbele ya watu kule Chicago mwaka 1912. Alifariki kabla ya kuijenga.

Je, alishindwa? Mtu anayelenga mbali anaweza asifike mwisho, lakini atakuwa amepita mbali kuliko yule aliyekaa. Muda mfupi kabla ya kifo chake Bibi Walker aliahidi dola 5,000 kwa chama kilichopigana na mauaji ya watu weusi. Katika wasia wake aliagiza kwamba sehemu kubwa ya faida ya baadaye iende kwa shule na vyama vya kusaidia watu, na kwamba kampuni iendelee kuongozwa na mwanamke. Binti yake Lelia, yule aliyesomeshwa kwa fedha za kufulia, ndiye aliyeshika nafasi yake. Na maelfu ya wanawake waliofunzwa kazi na kampuni yake waliendelea kulisha nyumba zao.

10. Tufanye nini sisi?

Anayeuza maandazi, mayai, vyungu, mikeka au nyanya anaweza kufuata njia ya Bibi Walker.

Kwanza, chagua lengo moja linaloweza kupimwa. Usiseme nataka kuuza zaidi. Sema nataka kuuza mikeka 8 mwezi huu.

Pili, jiulize lengo hilo ni kwa ajili ya nini au kwa ajili ya nani. Bibi Walker alianza na Lelia. Mtu mwenye sababu hachoki upesi.

Tatu, ligawe lengo kubwa katika wiki, kisha katika siku.

Nne, andika. Upande mmoja mapato, upande wa pili matumizi. Kila mwisho wa wiki linganisha ulichopanga na ulichopata.

Tano, lengo likitimia, weka jingine. Lisipotimia, tafuta sababu kabla ya kulaumu bahati.

Sita, usisahau afya yako, na usimsahau jirani yako.

Maswali ya kujadili darasani

1. Lengo la kwanza la Bibi Walker lilikuwa nini? Alijuaje kwamba amelifikia?
2. Bwana Walker aliona dola 10 kwa siku zinatosha. Bibi Walker hakukubali. Wewe unakubaliana na nani? Toa sababu zako.
3. Kwa nini Bibi Walker alitoa zawadi kwa waliouza na pia kwa waliosaidia wengine?
4. Mama mmoja anataka kuuza mayai 120 kwa mwezi wenye wiki 4. Atauza mayai mangapi kwa wiki? Akifanya kazi siku 6 kwa wiki, atauza mangapi kwa siku?
5. Andika katika daftari lako lengo moja unalotaka kulifikia katika miezi mitatu ijayo. Ligawe kwa miezi, kisha kwa wiki. Msomee mwenzako.